Kusoma Utalii Pamoja na Lugha za Kigeni: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Bunia

Masomo ya utalii yanayokwenda sambamba na lugha za kigeni humwandaa mtu kwa kazi moja yenye sehemu nyingi: kumpokea mgeni, kumwongoza, kumweleza anachokiona na kumrudisha alikotoka akiwa salama na ameridhika. Mjini Bunia maswali juu ya masomo haya hurudi kila mwaka matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yanapotoka. Kijana aanze na utalii au na lugha? Lugha ipi? Asomee mjini, Kinshasa au ng'ambo ya mpaka? Na kazi itapatikana wapi, ikiwa jimbo la Ituri liko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021?

Jibu kwa ufupi ni kwamba chuo chochote kinachotambuliwa kinafaa, mradi mwanafunzi atoke humo na mambo matatu: lugha moja mpya aliyoifikisha kwenye ngazi ya kazi, staji (mafunzo ya kazini) mbili zenye barua ya uthibitisho, na ujuzi wa kina wa mahali pamoja. Jina la fani kwenye diploma huja baada ya hayo.

Je, Ituri ina utalii wa kusomea?

Shaka hii ni ya haki, na wazazi wengi huanza mazungumzo nayo. Kwa upande wa vivutio, jibu ni ndiyo:

- Hifadhi ya Wanyama ya Okapi, yenye makao yake Epulu katika territoire ya Mambasa, ilianzishwa 1992 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1996. Inachukua takriban sehemu moja ya tano ya msitu wa Ituri.
- Mlima Hoyo, katika territoire ya Irumu, una mapango na maporomoko ya maji yaliyovuta wageni tangu enzi za ukoloni.
- Ziwa Albert, pamoja na fukwe za Kasenyi na Tchomia na milima inayolitazama, liko karibu na mji.
- Dhahabu ya Kilo, safari ya mvumbuzi Stanley msituni mwaka 1887, na sanaa ya wanawake Wambuti, wenyeji wa msitu, ya kuchora magome ya miti, ambayo imeonyeshwa Ulaya na Marekani, ni hazina ya masimulizi kwa mwongozaji aliyesoma.

Kupokea wageni si jambo geni hapa. Tangu miaka ya 1930, Mmarekani Patrick Putnam alikuwa na kambi kando ya mto Epulu iliyolaza wasafiri waliokuja kuuona msitu, na mwaka 1952 kituo cha okapi kilianzishwa hapohapo.

Kwa upande wa usalama, jibu ni gumu zaidi. UNESCO iliiweka hifadhi katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini mwaka 1997, na bado imo. Tarehe 24 Juni 2012 kituo cha Epulu kilivamiwa. Watu waliuawa na okapi wote waliokuwa wakitunzwa pale walikufa. Mauaji ya raia na hatari za barabarani zimeendelea katika Irumu, Mambasa na Djugu. Kwa hiyo mwanafunzi asipange maisha yake juu ya watalii wanaotarajiwa Epulu mwaka ujao. Apange juu ya kazi zilizopo leo ndani ya eneo analoweza kulifikia, kisha aijue Epulu vizuri kiasi cha kuwa tayari siku njia itakapofunguka.

Kazi za leo ziko katika mizunguko mitatu:

1. Bunia penyewe. Hoteli na nyumba za wageni za mjini huishi kwa wafanyakazi wa mashirika ya misaada, Umoja wa Mataifa, wafanyabiashara na maofisa. Hawa nao ni wageni: wanahitaji mapokezi, vyumba, usafiri, kumbi za mikutano na ankara iliyoandikwa sawasawa.
2. Ng'ambo ya ziwa. Hifadhi ya Murchison Falls nchini Uganda iko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Albert, na mji wa Pakwach uko kwenye mlango wake. Ndiyo sehemu ya utalii wa kimataifa iliyo karibu zaidi na Mahagi.
3. Uhifadhi. ICCN, taasisi ya Kongo ya hifadhi za taifa, na mashirika inayoshirikiana nayo huhitaji watu wa mawasiliano, elimu kwa jamii na mapokezi ya watafiti, hata pale ambapo watalii ni wachache.

Utalii kwanza au lugha kwanza?

Njia ni tatu, na kila moja ina mtu wake.

Ya kwanza ni kusoma utalii kama fani kuu na lugha pembeni. Katika taasisi kadhaa za Kongo fani hii huitwa Hôtellerie, Accueil et Tourisme. Inamfaa anayetaka kusimamia hoteli, shirika la safari au ofisi ya utalii. Upungufu wake ni kwamba saa za lugha kwenye ratiba huwa chache.

Ya pili ni kusoma lugha na utamaduni kama fani kuu, kisha kuongeza cheti kifupi cha utalii. ISP (vyuo vya juu vya ualimu) nyingi zina idara ya Kiingereza na utamaduni wa Afrika. Njia hii inamfaa anayependa lugha na anayetaka kubaki na mlango wa ualimu au ukalimani ukiwa wazi. Upungufu wake ni kwamba fani nyingi za namna hii zinamtayarisha mwalimu: mhitimu anaijua sarufi, lakini hajawahi kupokea simu ya mteja aliyekasirika.

Ya tatu ni kusoma mazingira, maendeleo au usimamizi, kisha kuongeza lugha na utalii kwa staji. Inamfaa anayelenga hifadhi na mashirika.

Kanuni ya kuchagua ni rahisi: mwanafunzi achukue kama fani kuu kile asichoweza kujifunza peke yake. Lugha inaweza kujengwa kwa redio, simu, vitabu na mazoezi ya kila siku. Hesabu za hoteli, usimamizi wa watu na sheria za kazi ni vigumu kuzipata bila darasa. Asiyejiamini kuwa na nidhamu ya kujifunza lugha peke yake afanye kinyume chake.

Lugha ipi?

Kijana aliyekulia Bunia tayari ana Kiswahili, Kifaransa cha shule, mara nyingi Lingala, na lugha ya nyumbani kama Kilendu, Kihema, Kialur, Kilugbara, Kibira au Kinande. Huu ni mtaji. Kosa ni kuuacha bila kuutengeneza na kukimbilia Kichina wiki ya kwanza ya chuo. Mpangilio unaofaa ni huu:

- Kiingereza kije kwanza kama lugha mpya. Ni lugha ya kazi Uganda na Kenya, ya mashirika ya ndege, ya mifumo ya kuweka nafasi za vyumba, na ya sehemu kubwa ya wageni wa Umoja wa Mataifa. Kongo iliingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Julai 2022, na ajira nyingi za jumuiya hiyo hutangazwa kwa Kiingereza.
- Kifaransa kisafishwe. Mjini Bunia ni lugha ya kawaida. Kampala, Arusha au Nairobi kinageuka kuwa bidhaa adimu, kwa sababu waongozaji wengi huko wanaongea Kiingereza na wageni kutoka Ufaransa, Ubelgiji na Uswisi hutafuta mtu wa kuwaeleza kwa lugha yao. Lakini Kifaransa cha darasani hakitoshi. Mwanafunzi ajizoeze kuandika barua ya kuthibitisha nafasi, kueleza njia, kuomba radhi kwa mteja na kusimulia bila kusoma karatasi.
- Kiswahili sanifu kiongezwe juu ya Kiswahili cha Bunia. Mjini, cha nyumbani kinatosha. Kwa barua ya maombi Dodoma au staji Zanzibar, kinahitajika kile cha vitabuni.
- Lugha ya nyumbani isidharauliwe. Kialur kinaongewa Mahagi na ng'ambo katika Nebbi na Zombo; Kilugbara kinaongewa Aru na Arua. Mwanafunzi wa Mahagi anayekwenda staji Pakwach anaelewana na wenyeji tangu siku ya kwanza.
- Kijerumani, Kiitaliano, Kihispania au Kichina zije baada ya Kiingereza kufika ngazi ya kazi, na zichaguliwe kwa kufuata wageni wanakokwenda. Malindi na Watamu, pwani ya Kenya, zina Waitaliano wengi, na vijana wengi wa huko walijifunza Kiitaliano ufukweni kwa sababu ndiyo lugha iliyokuwa ikilipa. Kijerumani kina soko kwenye hifadhi za Tanzania na Uganda. Kichina hupata kazi zaidi katika migodi na biashara kuliko katika utalii.

Kwa mpangilio huu mhitimu anatoka na Kiingereza, Kifaransa cha kazi na Kiswahili sanifu. Ni lugha tatu za soko, na moja tu kati ya hizo ndiyo iliyoanzwa karibu na sifuri.

Hesabu ya saa

Ngazi za lugha hupimwa kwa mfumo wa Ulaya, kuanzia A1 ya mwanzo hadi C2 ya juu kabisa. Kwa kazi ya mapokezi inatakiwa angalau B1. Kwa kuongoza watalii na kuandika barua za ofisi, B2. Kwa Kiingereza, makadirio ya Cambridge ya jumla ya saa za kujifunza kwa mwongozo tangu mwanzo ni haya:

- A2: saa 180 hadi 200
- B1: saa 350 hadi 400
- B2: saa 500 hadi 600
- C1: saa 700 hadi 800

Tuseme chuo kinatoa saa 45 za Kiingereza kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ya licence hizo ni saa 135, yaani hata A2 haijafikiwa kwa anayeanza chini kabisa. Hapa ndipo wengi hukwama: wana alama nzuri za Kiingereza kwenye karatasi na hawawezi kuongea na mgeni dakika tano.

Dawa yake ni saa moja kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka. Hizo ni saa 200 kwa mwaka na 600 kwa miaka mitatu, ambazo zinatosha kufika B2. Saa hiyo igawanywe hivi:

1. Dakika 20 za kusikiliza: BBC kwa Kiingereza, RFI kwa Kifaransa, au vipindi vilivyopakuliwa mtandao unapokuwa mzuri na kusikilizwa umeme unapokatika. Kwa Kijerumani, Deutsche Welle hutoa kozi za bure.
2. Dakika 20 za kuongea kwa sauti: kueleza picha, kuelekeza njia, kujibu maswali ya mgeni wa kubuni. Mwenzake mmoja wa promosheni anatosha.
3. Dakika 20 za kuandika: barua fupi, maelezo ya chumba, ratiba ya safari ya siku moja.

Saa moja ya kila siku inashinda saa saba za Jumamosi, kwa kuwa lugha husahaulika haraka kati ya wiki na wiki.

Atakayesema hana muda, kwa sababu anauza mkaa au anawasaidia wadogo zake jioni, aanze na dakika 30 na akubali kufika B1 badala ya B2. B1 ya kweli katika lugha moja inaajirika. A1 katika lugha nne haiajiriki.

Maswali ya kumuuliza mkuu wa idara kabla ya kulipa minervale (ada ya masomo)

Mzazi au mwanafunzi ana haki ya kuuliza, na chuo kizuri hakikasiriki.

1. Je, chuo na fani hii vina kibali cha wizara ya elimu ya juu (ESU)? Nakala ya uamuzi wa waziri iombwe, na tarehe na jina la fani visomwe.
2. Je, mafunzo yanafuata mfumo wa LMD? Licence ni miaka 3 na krediti 180, yaani 60 kwa mwaka. Ombi la kuiona programu nzima ya masomo lisikataliwe.
3. Saa za lugha ni ngapi kila muhula, na darasa moja lina wanafunzi wangapi? Darasa la lugha lenye watu 120 ni hotuba.
4. Nani anafundisha somo la hoteli, na amewahi kufanya kazi hotelini?
5. Staji hufanyika wapi, kwa wiki ngapi, na nani huitafuta: chuo au mwanafunzi?
6. Wahitimu wa miaka miwili iliyopita wanafanya kazi wapi? Wawili kati yao watafutwe na kuulizwa ana kwa ana.
7. Gharama nje ya minervale ni zipi: sare, staji, utetezi wa kazi ya mwisho, karatasi za matokeo?

Anayepata majibu ya wazi kwa maswali matano kati ya saba anaweza kuendelea. Asiyepata jibu la swali la kwanza asilipe chochote.

Vyuo vya karibu na vya mbali

Bunia. Mji una Chuo Kikuu cha Bunia, Chuo Kikuu cha Shalom, ambacho kilitokana na taasisi ya theolojia ya ISTB, na ISP Bunia, pamoja na taasisi nyingine. Faida ya kusoma nyumbani ni gharama: mwanafunzi analala kwao na anaweza kutafuta staji katika hoteli za Boulevard de la Libération kwa miguu. Palipo na fani ya lugha, mazingira au usimamizi lakini hapana utalii, njia ya pili na ya tatu zilizotajwa juu zinatumika.

Goma, Bukavu na Kinshasa. Goma ina taasisi ya juu ya utalii, ISTou. Lakini mji huo uliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Anayefikiria kwenda huko aulize kwanza hali ya barabara, ya benki na ya kutambuliwa kwa matokeo. Kinshasa ina taasisi nyingi, lakini nauli ya ndege na kodi ya nyumba zihesabiwe kabla ya minervale.

Uganda. Makerere ina shahada ya utalii. Jinja kuna taasisi ya taifa ya hoteli na utalii, na Katwe, wilayani Kasese, kuna taasisi ya utafiti na mafunzo ya wanyamapori. Anayesoma huko anajifunza Kiingereza darasani na nje ya darasa. Ugumu ni kwamba mwezi wa kwanza wote huenda kwenye lugha. Afadhali kufika akiwa na A2 tayari.

Tanzania na Kenya. Chuo cha Mweka, karibu na Moshi, kimefundisha usimamizi wa wanyamapori tangu 1963. Kenya Utalii College, kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1975 kwa ushirikiano na Uswisi, kinajulikana kwa mafunzo ya vitendo. Zanzibar ilianzisha Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni mwaka 1979, ambayo baadaye iliunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Chuo hicho leo kina masomo ya lugha na ya utalii chini ya paa moja, na ndio mfano wa karibu zaidi wa kile ambacho makala haya yanakizungumzia.

Miaka mitatu, hatua kwa hatua

Mwaka wa kwanza:

- Kupima ngazi ya Kiingereza kwa mtihani wa bure wa mtandaoni na kuandika matokeo.
- Kuanza saa moja ya lugha ya kila siku.
- Kuchagua mahali pamoja pa kusomea kwa kina: Epulu, Hoyo, Kasenyi au mji wa Bunia.
- Kujifunza kompyuta: jedwali la hesabu, barua pepe yenye anwani ya heshima, ramani.

Mwaka wa pili:

- Staji ya kwanza, wiki 4 hadi 8, kwenye mapokezi au jikoni.
- Kuandaa masimulizi ya saa moja kuhusu mahali palipochaguliwa, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, na kuyatoa mbele ya watu.
- Huduma ya kwanza, kwa mfano kupitia Msalaba Mwekundu. Mwongozaji asiyejua kufunga jeraha hapewi kundi.

Mwaka wa tatu:

- Staji ya pili, ikiwezekana nje ya Bunia.
- Kazi ya utafiti ya mwisho inayohusu jambo litakalotumika: bei za vyumba mjini, njia ya matembezi, utunzaji wa mahali pa kihistoria.
- Mtihani wa lugha unaotambulika, kama DELF kwa Kifaransa au IELTS kwa Kiingereza. Vituo vya mitihani hii viko Kampala. Tarehe na ada ziulizwe miezi mitatu kabla.

Utamaduni: wa mgeni na wa nyumbani

Somo la utamaduni hueleweka vibaya likifundishwa kama orodha ya tabia za mataifa. Mwanafunzi anahitaji mambo machache yanayotokea kila siku:

- Muda. Saa 2 asubuhi iliyoandikwa kwenye ratiba maana yake gari liko mlangoni saa 2 kasoro dakika 10. Na kwa kuwa saa za Kiswahili na za Kifaransa hutofautiana kwa saa sita, ratiba ya mgeni iandikwe kwa tarakimu za saa 24: 08:00.
- Chakula. Mgeni akisema hali nyama, mchuzi wa nyama nao haumfai. Aulizwe jioni kabla ya safari.
- Maswali. Kumuuliza mgeni umri, ndoa au idadi ya watoto dakika ya kwanza ni ukarimu kwa wengine na usumbufu kwa wengine. Afadhali kungoja aanze mwenyewe.
- Kukataa. Wageni wengi huichukua "ndiyo" kama ahadi. Jambo lisilowezekana likataliwe kwa upole na mapema.

Utamaduni wa nyumbani ndio wenye hatari kubwa zaidi, hasa panapohusika Wambuti na Waefe. Mwaka 1905 Mwingereza James Harrison aliwachukua watu sita wa msitu wa Ituri na kuwaonyesha majukwaani London na miji mingine ya Uingereza. Utalii unaompeleka mgeni kambini "kuwaona mbilikimo" unarudia jambo lilelile kwa tiketi ya bei nafuu. Tangu tarehe 15 Julai 2022 Kongo ina sheria namba 22/030 ya kulinda na kukuza haki za watu hao. Mwongozaji aliyesoma hufuata taratibu hizi:

1. Ziara hupangwa na wenyeji wenyewe, siku na saa wanazochagua.
2. Malipo hujulikana mapema na hulipwa mbele ya watu, kwa jamii yenyewe, bila kupitia mfuko wa dereva.
3. Picha hupigwa kwa ruhusa ya kila mtu; za watoto hazipigwi bila mzazi.
4. Sherehe za kimila hazichezwi upya kwa ajili ya kamera.
5. Anayesimulia msitu ni mwenyeji wake, mwanafunzi anatafsiri.

Staji: namna ya kuipata na kuitumia

Hoteli nyingi hukataa wanastaji kwa sababu waliopita walikaa mapokezi wakichezea simu. Anayeomba aende na karatasi tatu: barua ya chuo, barua yake ya ukurasa mmoja, na orodha ya kazi anazoweza kufanya tangu siku ya kwanza, kwa mfano kutafsiri orodha ya vyakula au kujibu barua pepe za Kiingereza. Akipokelewa:

- Azunguke idara zote: vyumba, jiko, mapokezi, hesabu.
- Awe na daftari la maneno. Kila siku aandike maneno kumi ya kazi kwa lugha mbili.
- Asipokee fedha za chumba bila kutoa risiti, hata akiagizwa na mkubwa wake.
- Siku ya mwisho aombe barua yenye tarehe, kazi alizofanya na mhuri. Barua inayoombwa mwaka mmoja baadaye mara nyingi haipatikani, kwani meneja ameshahama.

Kwa wasichana, onyo moja lisemwe wazi: staji ya hoteli haijumuishi kumsindikiza mgeni chumbani wala kutoka naye usiku. Anayelazimishwa aondoke na kuripoti chuoni. Chuo chenye mkataba na hoteli kina wajibu wa kumhamisha bila kumnyima alama.

Karatasi, mpaka na fedha

Anayekwenda kusoma Uganda au Tanzania aanze maandalizi miezi sita kabla. Anahitaji:

- Pasipoti yenye muda wa kutosha na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.
- Diploma ya Serikali, karatasi za matokeo, na tafsiri yake ya Kiingereza iliyothibitishwa.
- Ulinganisho wa diploma: Uganda hufanywa na baraza la mitihani, UNEB, kwa sekondari, na Tanzania na baraza lake, NECTA. Bila huo, barua ya kukubaliwa chuoni haikamiliki.
- Kibali cha mwanafunzi kinachoombwa kupitia chuo. Kuingia kama mgeni na kubaki kusoma ni kosa.

Kuhusu barabara za Mahagi na Aru, na maboti ya Kasenyi, habari za siku hiyo ziulizwe kwa madereva na kwa ofisi ya uhamiaji, DGM, kabla ya kuondoka. Safari ianze asubuhi.

Kuhusu udhamini wa masomo, ishara za utapeli ni zilezile: wakala anaomba "ada ya faili" kwa simu, hana ofisi, na barua yake imetoka kwenye anwani ya kawaida ya barua pepe. Udhamini wa kweli hutangazwa na ubalozi, wizara au chuo chenyewe, na kuomba hakulipiwi kwa mtu binafsi.

Makosa yanayojirudia

- Kuanza lugha tatu mpya kwa pamoja na kubaki na salamu za zote.
- Kusoma sarufi bila kuongea, kwa kuogopa kuchekwa.
- Kukariri maelezo ya mtandaoni kuhusu Epulu bila kuyahakiki. Mgeni aliyesoma atagundua tarehe isiyo sahihi, kisha hataamini kitu kingine.
- Kumwahidi mgeni mahali ambapo usalama haujathibitishwa. Mwongozaji huuliza ICCN na mamlaka za territoire kila safari, hata kama wiki iliyopita njia ilikuwa shwari.
- Kudharau kazi za chini. Mameneja wengi wa hoteli walianzia kwenye trei.
- Kungoja diploma ndipo kutafuta kazi. Anayejulikana na hoteli tatu tangu mwaka wa pili huitwa nafasi inapotokea.

Kazi baada ya masomo

Mhitimu mwenye B2 ya Kiingereza, Kifaransa safi na staji mbili anaweza kuomba kazi za mapokezi na za kuweka nafasi za vyumba, ofisi za usafiri na mashirika ya ndege, utaratibu wa safari na mikutano katika mashirika ya misaada, elimu kwa jamii katika hifadhi, ukalimani na tafsiri, ualimu wa lugha, au uongozaji wa watalii Uganda na Tanzania baada ya kupata leseni ya nchi husika. Anayetaka kujitegemea anaweza kuanza na huduma ndogo zisizohitaji mtaji mkubwa: kumpokea mgeni uwanja wa ndege wa Bunia, kumtafutia nyumba, kumtafsiria sokoni na ofisini.

Wimbi likija, liwe la vita au la maradhi kama Ebola iliyoikumba Ituri kati ya 2018 na 2020, utalii ndio hufunga mlango kwanza na kuufungua mwisho. Kwa sababu hiyo orodha hiyo ya kazi isomwe yote, na mwanafunzi achague mbili tangu mwaka wa kwanza: moja inayotegemea watalii, na moja inayoendelea hata wasipokuja.